Ukishamkosea mtu, unamwendea na nini mkononi?

Mwanzilishi wa uzi (Kayole)

Ndugu wanajukwaa, ninaomba tulizungumze jambo ambalo kila mmoja wetu amewahi kulifanya, vizuri au vibaya: ukishamkosea mtu, na moyoni unajua kwamba kosa ni lako, unamwendea vipi, na unabeba nini mkononi? Ninauliza kwa sababu mwaka jana nilimkosea jirani yangu kosa la aibu, nikajaribu kulirekebisha kwa njia ambayo wengi wetu hapa Nairobi siku hizi tunaiona kuwa ya kawaida, na njia hiyo ikanishinda.

Ninaishi katika ploti ya nyumba 16. Maji ya mfereji hutufikia kwa mgao, mara mbili kwa wiki, na mara nyingi hufika usiku wa manane, kwa hivyo kila nyumba ina pipa lake kwenye ujia. Asubuhi moja ya Jumatano niliamka nikakuta pipa langu, ambalo nililijaza mwenyewe usiku, limebaki robo. Jirani wa mlango wa pili, mama mtu mzima ambaye kwao ni Taveta, alikuwa amekwisha kufua na sasa anaanika. Sikuuliza. Nilisimama chini ya kamba za nguo, mbele ya akina mama watano na watoto waliokuwa wakienda shule, nikamwita mwizi wa maji. Yeye alinitazama tu, kisha akaendelea kuikamua shuka yake. Ijumaa jioni ndipo mtoto wa dada yangu, ambaye anaendesha bodaboda na hulala kwangu, aliponieleza kwamba usiku ule alirudi kutoka Kitengela pikipiki imejaa tope, akaiosha kwa maji ya pipa letu.

Niliona haya, na haya hizo ndizo zilizonifanya nitafute njia ya mkato. Nilimtumia yule mama shilingi 1,000 kwa M-Pesa bila neno lolote, nikidhani ataelewa. Haikupita robo saa, simu ikalia: nimepokea shilingi 1,000 kutoka kwake. Hakupunguza hata shilingi, na gharama ya kuzirudisha aliibeba yeye. Sijawahi kukataliwa waziwazi namna ile na mtu ambaye hakufungua kinywa.

Katika ploti yetu yuko bibi mmoja ambaye ndiye mpangaji wa kale kuliko sisi sote. Nilimwendea nikamweleza, naye akaniuliza maswali mawili tu. La kwanza, nilimtukana mwenzangu wapi. La pili, nilimtukana kwa sababu ya kitu gani. Nilipomjibu, akasema: "Basi mwanangu, nenda ukamwombe radhi pale pale, na ubebe kitu hicho hicho."

Tangu siku ile nimeyafikiria sana maneno tunayoyatumia. Tuna pole, tuna samahani, tuna radhi, na watu huyachanganya kana kwamba ni kitu kimoja. Pole hukubali maumivu bila kukubali kosa. Nitampa pole aliyeibiwa na mtu nisiyemjua, nitampa pole aliyefiwa, nitampa pole aliyejikwaa mbele yangu. Samahani huomba kosa lisamehewe, lakini mjini humu tumeitumia mpaka imechakaa: ndiyo tunayoisema tukipenya kwenye matatu kwenda kiti cha nyuma, tukiuliza njia, tukimwita mhudumu hotelini. Radhi ni nzito zaidi. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kuridhika, kwa hivyo anayeomba radhi haombi kosa lifutwe tu, bali anaomba moyo wa mwenzake uridhike. Ndiyo sababu wazee wa Pwani huitaja radhi ya mzazi kama jambo ambalo mtoto anaweza kuishi miaka yote bila kuwa nalo, hata kama hakuna aliyemfukuza nyumbani.

Tofauti hiyo si ya nyumbani peke yake. Tarehe 6 Juni 2013, serikali ya Uingereza ilieleza majuto yake bungeni London kwa mateso waliyotendewa Wakenya wakati wa vita vya Mau Mau, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa waathiriwa 5,228, na ikaahidi kugharamia mnara wa kumbukumbu hapa Nairobi. Mnara huo ulizinduliwa Uhuru Park tarehe 12 Septemba 2015. Mfalme Charles alipokuja hapa mwishoni mwa Oktoba 2023, alizungumza tena juu ya huzuni na majuto makubwa, lakini wako Wakenya waliosikiliza hotuba ile hadi mwisho wakilisubiri neno moja la kuomba radhi, na neno hilo halikuja. Kwa Kiswahili chetu, walipewa pole na wakapewa fedha. Sidharau fedha zile, kwa kuwa wazee wengi walizihitaji, lakini ninawaelewa waliosema kwamba kuna kitu hakikutamkwa. Anayepita Uhuru Park na aitazame sanamu yenyewe: mwanamke anampa mpiganaji chakula, na nyuso zao zimegeuziwa pande tofauti ili hata mmoja wao akikamatwa asiweze kumtambua mwenzake. Wakati wa hatari, hivyo ndivyo kitu kinavyopitishwa kwa mkono. Kupatana kunataka kinyume chake kabisa, kwamba nikupe kitu huku nikikutazama na wewe ukinitazama.

Nirudi kwenye ploti. Jumamosi asubuhi, siku ambayo kila mtu yuko nje akifua, nilichota maji katika ndoo yangu ya lita 20, nikaweka kilo moja ya sukari na pakiti ya majani ya chai kwenye mfuko, nikatoka. Niliiweka ndoo mbele ya mlango wake, chini ya kamba zile zile, nikasema kwa sauti ambayo wale akina mama watano wangeisikia: "Mama, Jumatano nilikuita mwizi mbele ya watu hawa. Hukuiba. Maji yalitumiwa na kijana wa nyumbani kwangu. Nimekukosea, ninaomba radhi." Hakujibu. Alijifuta mikono kwa pindo la leso yake, taratibu, kidole kwa kidole, akainama, akaishika ndoo kwa mikono yake miwili, akaiingiza ndani. Kisha akasimama mlangoni akasema, "Mwanangu, mbona unasimama juani? Ingia." Chai tuliyokunywa siku ile ilipikwa kwa maji yale na kwa sukari ile.

Maoni yangu, ambayo ninawaomba muyapinge ikiwa mnaona nimekosea, ni kwamba anayetaka kupatana hutanguliza miguu, kisha kinywa, na mkono huja mwisho. Na kile kilicho mkononi hakipimwi kwa bei yake, bali kwa ukaribu wake na kosa lenyewe. Ndoo ya maji, kwetu inapopungua tunainunua kwa wauza maji wa mkokoteni kwa shilingi 30. Shilingi 1,000 zilikataliwa, maji ya shilingi 30 yakapokewa.

Mchangiaji (Eastleigh)

Dada yangu, shukrani kwa kuuanzisha uzi huu. Sisi Wasomali tuna neno linaloitwa xaal, yaani kile anachopewa mtu aliyevunjiwa heshima, awe ametukanwa, amepigwa kofi au amedharauliwa mbele za watu. Aliyekosea haendi peke yake. Huenda na wazee, kosa linatajwa, na kinachotolewa hutegemea uzito wa kosa na cheo cha uhusiano wenyewe. Nimeona xaal ya shilingi chache tu ambazo aliyekosewa alizipokea, akazishika mkononi muda mfupi, kisha akazirudisha kwa hiari yake pale pale, kwa sababu alichokuwa anakidai ni kule kukiri. Tafadhali mlitofautishe jambo hili na fidia ya damu, ambayo ina hesabu yake kubwa, na kwa mtu mwanamume husemwa kuwa ngamia 100.

Wengine mtakumbuka kwamba mwaka 2013 Mahakama Kuu hapa Nairobi ilikubali ombi la upande wa mashtaka la kuiondoa kesi ya mauaji yaliyotokea hapa Eastleigh, baada ya familia mbili kupatana kwa mila na kwa dini, ngamia na mbuzi wakiwa miongoni mwa vilivyotolewa. Uamuzi ule ulizua mjadala mkali miongoni mwa mawakili, na mimi binafsi nina shaka nao, ingawa ninaiheshimu mila iliyouzaa. Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inazitaka mahakama zihimize maridhiano, upatanishi na njia za jadi za kutatua migogoro, lakini kifungu hicho hicho kinakataza njia hizo zisitumike kwa namna inayokiuka haki za binadamu. Uhai wa mtu si wa familia yake peke yake.

Mchangiaji (Umoja)

Ninakubaliana na mengi, ila ninapinga hukumu yako juu ya M-Pesa. Kaka yangu yuko Qatar mwaka wa sita sasa. Alipokosana na mama yetu juu ya shamba, angetanguliza miguu ipi? Mtu aliye mbali akinyimwa njia ya simu, amenyimwa kupatana kabisa. Ninashuku kwamba kilichokuangusha hakikuwa fedha, bali ule ukimya uliozitangulia.

Jambo la pili, ninashangaa hukumpelekea leso. Iko methali ambayo ingekufaa kabisa: mdhaniaye ndiye, kumbe siye. Ungepata doti yenye jina hilo, jambo lingekwisha kwa adabu, na mama wa watu angebaki na kitu cha kuvaa.

Mwanzilishi wa uzi (Kayole)

Ndugu wa Umoja, kuhusu M-Pesa umenisahihisha na ninakubali. Kaka yako apige simu kwanza, aseme kwa sauti yake kwamba amekosa, asikilize lawama zote bila kuzikatiza, ndipo amtume mtu wa heshima aende nyumbani kwa mama kwa niaba yake, na fedha zifuate kwa ajili ya kitu ambacho mjumbe huyo atakibeba mlangoni. Tangu jadi watu wamepatanishwa na wajumbe, na mjumbe ni miguu ya kukopa.

Kuhusu leso, niliifikiria sana. Nilikwenda mpaka Biashara Street nikakagua mafungu kwa mafungu. Leso ni zawadi nzuri ya kupatanisha kwa sababu huja ikiwa jozi, na ninajua akina mama ambao wakishapatana hugawana doti moja, kila mmoja akachukua upande wake. Lakini leso ina kinywa chake, nayo husema hata pale ambapo mwenyewe alitaka kunyamaza. Nilimwona mwanamke pale dukani akichagua rangi tu, na alipoikunjua nikaona imeandikwa "Hasidi hana sababu." Ukimpelekea maneno hayo mtu mliyeteta naye jana, umewasha moto mpya. Nawasihi mlisome jina kabla ya kulipa. Hata ile methali uliyoitaja, yenye maana nzuri kabisa, niliiacha kwa sababu moja: ingemwambia mama yule maneno ambayo nilipaswa kuyasema mimi. Nilimtukana kwa ulimi wangu, sikumtukana kwa kitambaa.

Maua sitayasemea sana. Wauzaji wa City Market hapa Muindi Mbingu hukufungia shada zuri, na vijana wengi wamepatana na wapenzi wao kwa waridi, lakini akina mama wa umri wa jirani yangu ninaowafahamu wameyazoea maua kwenye makaburi zaidi kuliko mezani, na sikutaka kumbebea mzigo wa kufasiri.

Mchangiaji (Dagoretti)

Mimi ningependa tuwazungumzie waume na wake, kwa kuwa huko ndiko zawadi za kupatana zinakotumika zaidi na kuharibiwa zaidi. Miaka kadhaa iliyopita nilimkosea mke wangu kwa kuuza mali ya nyumbani bila kumshauri, akarudi kwao. Sisi Wakikuyu huwezi kwenda kwa wakwe peke yako kama anayefuata mzigo alioacha stendi. Nilikwenda na mzee mmoja wa ukoo na rafiki aliyesimamia harusi yetu. Tuliwekwa nje muda mrefu, na sasa ninaelewa kwamba kule kusubiri kulikuwa sehemu ya shughuli. Nilitozwa mbuzi. Niliambiwa nilisimulie kosa langu mwenyewe, mbele ya mke wangu, bila kulipamba, na kila nilipoanza kusema "lakini," baba mkwe alinyanyua mkono nikarudia mwanzo. Mara tatu. Mbuzi nimeshamsahau alikuwa wa rangi gani, ila mkono ule ulionyanyuliwa ninauona mpaka leo.

Mwanzilishi wa uzi (Kayole)

Mzee wa Dagoretti, ninakushukuru kwa kutueleza bila kujificha. Neno hilo "lakini" ndilo linaloua radhi nyingi, na ningependa kila nyumba iwe na mkono wa kulisimamisha.

Umeligusa pia jambo ambalo sikutaka uzi huu ufungwe bila kulisema. Wapo wanawake, na wapo wanaume pia, wanaopokea zawadi kila baada ya kipigo: Alhamisi ngumi, Jumamosi nguo mpya na nyama ya kuchoma, na mwezi unaofuata mzunguko unaanza upya. Kile si kitu cha kupatana, ni hongo ya kununua ukimya. Kitu cha kupatana hutolewa mara moja kwa kosa moja, na hutolewa hadharani mbele ya watu watakaouliza endapo kosa litarudiwa. Hongo hutolewa chumbani mlango ukiwa umefungwa. Tuna Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Dhuluma za Kinyumbani ya mwaka 2015, na tuna simu ya bure ya 1195 kwa anayehitaji msaada. Vilevile, mtoto akidhulumiwa kingono, hakuna mbuzi, wala ng'ombe, wala kikao cha wazee kinachoruhusiwa kulimaliza jambo hilo nyumbani. Chini ya sheria ya makosa ya kingono ya mwaka 2006, uchunguzi wala mashtaka hayawezi kusimamishwa kwa makubaliano ya familia. Ninalisema kwa uzito kwa sababu nimewahi kukaa katika kikao ambacho mtu alilipendekeza bila kuona aibu, na akina mama tulisimama tukakataa.

Kwa makosa yetu ya kila siku, hata hivyo, kitu kidogo kinatosha, na wakati mwingine kisichouzwa kabisa. Wamaasai hung'oa nyasi mbichi na kuzishika mkononi wanapoomba amani, kwa kuwa nyasi ndizo chakula cha ng'ombe na ng'ombe ndio uhai wao. Nyasi hazina bei. Lakini huwezi kuzing'oa bila kuinama, na ninadhani kule kuinama ndiko kunakopokewa.

Mchangiaji (Eastleigh)

Dada, kuna jambo umeliruka. Umetueleza kwamba mama yule aliichukua ndoo akaiingiza ndani. Ndoo yenyewe ilirudi? Nauliza kwa sababu mama yangu alitufunza kwamba ukitaka kujua kama mtu ameridhika kweli, usitazame alivyokupokea, maana mgeni hupokewa na kila mtu. Tazama chombo chako kinavyorudi.

Mwanzilishi wa uzi (Kayole)

Ndugu yangu, mama yako na wazazi wetu walifunzwa shule moja. Kwetu pia chombo cha jirani hakirudishwi kitupu, na kikirudi kitupu, kimeoshwa na kugeuzwa chini juu mlangoni pako, ujue umeambiwa kwamba hesabu imefungwa na msijuane tena.

Ndoo yangu haikurudi Jumamosi ile, wala Jumapili. Niliogopa kuidai. Usiku wa Jumatatu maji yalikuja, nikachota kwa sufuria, safari nyingi, huku nikimsikia naye akichota upande wa pili wa ujia, na hakuna kati yetu aliyesema neno isipokuwa kuamkiana. Nilianza kufikiri kwamba chai ile ilikuwa adabu tu, na kwamba adabu na radhi ni vitu viwili. Jumatano, wiki moja kamili baada ya kosa langu, nilirudi kutoka kazini saa moja jioni nikaikuta ndoo mbele ya mlango wangu, imefunikwa kwa kipande cha leso kilichochakaa. Ndani mlikuwa na ndizi mbichi za kupika, zile nene za Taveta ambazo ndugu yake humletea kila mwisho wa mwezi, zimepangwa kwa duara, na juu yake ndimu mbili.

Tulizipika usiku huo huo, na nilimwekea kijana wa pikipiki kisu na sinia mbele yake, akazimenya zote.